Yangeyange Akagua Nyumba ya Sala

Mjusi ndiye aliyemwambia Kanga kwamba Yangeyange, yule ndege mweupe, anakuja, ametumwa na baraza la nchi zote kukagua uhuru wa kuabudu. Chifu Ngiri, aliyekuwa ameifunga nyumba ya sala ya kanga, aliifungua upesi na kupaka mabenchi rangi ya kijani.

“Ukinisema, Mama Vifaranga, utahama,” Ngiri alimwonya Kanga.

Mgeni alipofika, Ngiri alitamba, “Wanasali humu kila siku, mheshimiwa. Hata leo asubuhi.”

“Karibu uketi,” Kanga alisema kwa haya.

Yangeyange aliketi, akainuka, akajitazama.

“Wote wamesali humu leo. Mbona mkia wa kijani ninao mimi peke yangu?”

Ngiri alimkabidhi Kanga ufunguo wa nyumba ya sala.

Kesho yake alfajiri, Kanga alifungua mlango, akawaita wenzake kusali kwa sauti iliyomwamsha Ngiri.