Nyota Inayopumua

Inatangazwa kwa dunia nzima, pamoja na wakaaji wa mtaa wetu wa Mbunya: nyota inayopumua imegunduliwa hapa Bunia!

Dunia haikujibu. Préfet, mkuu wa shule yetu, ndiye aliyejibu, kwa kumsimamisha mgunduzi mbele ya darasa. Glodie alikuja na unga wa fufu mikononi, maana ilikuwa zamu yake jikoni.

Mezani kulikuwa na picha mbili alizozitoa kwenye intaneti na kuzichapisha mjini. Zote zilionyesha kundi moja la nyota kongwe, zimebanana kama mpira. Ya pili ilipigwa saa chache baada ya ya kwanza. Humo, alidai Glodie, nyota moja ilikuwa imefifia.

"Ni mashine ya mjini, wino ilikuwa inaisha," alisema Préfet. "Sema ulikosea, mambo iishe."

"Wino ikiisha, zote zinafifia. Jirani zake ziko vilevile."

"Kumbe hata juu kule iko délestage, wanakata kurenti!" Préfet akatania.

Darasa likaangua kicheko. Glodie akangoja kinyamaze.

"Hizi zilizaliwa pamoja, Préfet. Zile nzito zinazeeka mbele ya zingine. Hii imeshazeeka: inavimba, inasinyaa, mwangaza unapanda, unashuka."

"Glodie, weye unakana, ama nafuta jina lako kwenye maonyesho ya sayansi ya Jumamosi?"

Mama yake Glodie, aliyekimbia vita kule Djugu, alikuwa ameshaazima kitenge cha kuja kumsikiliza.

"Futa, Préfet. Uongo sitasema."

Préfet akachomoa kalamu. Papo hapo sauti ikalipuka dawati la nyuma: "Kwaruza tu na ukucha, Préfet! Ile ya pembeni, chini kushoto, ni blanko tupu ya kufutia makosa!"

Préfet akakwaruza picha ya kwanza. Nyota ikabanduka, ikawa unga mweupe chini ya ukucha wake. Wanafunzi wakapiga meza kwa furaha.

Glodie hakucheka. Akaweka kidole katikati ya picha.

"Yangu ni hii. Ile ya pembeni sijaitaja kwa mutu yeyote. Nani aliijua?"

Préfet akaikwaruza ya katikati. Haikutoka. Akakwaruza tena, kisha akarudisha kalamu mfukoni, akageuka polepole, na darasa zima likageuka naye kunitazama mimi.

"Pardon, Préfet, nilitaka kumtega Glodie," nikasema. "Ile ya pembeni niliiumba mimi."