Visigino vya Bobonazar

Usiku wa tisa mfululizo, Bobonazar alingoja taa izimwe, akanyoosha miguu chini ya blanketi, akaitafuta ile miguu mingine, na alipoipata akaikandamiza kwa visigino vyote viwili kama mtu aliyekanyaga nyoka.

Upande wa pili mdogo wake, Gulmahmad, akaguna. Mguno mrefu, wa kifuani. Bobonazar akatabasamu gizani, akaongeza uzito.

Baridi ya milima ile haina mzaha, na umeme wakati wa theluji ni kama mgeni: huja jioni, hunywa chai, huondoka. Kwa hiyo nyumba nzima ilihamia kwenye sandali: meza fupi, shimo la makaa chini yake, blanketi moja kubwa la pamba juu, kila mtu na upande wake na miguu yote ndani. Ukiwa na adui nyumbani, unalala naye miguu kwa miguu.

Nao walikuwa maadui hasa. Marehemu baba yao aliwaachia vyumba vitatu: hicho chenye sandali, cha Bobonazar na mkewe Savrigul, na cha mashariki kilichomwangukia Gulmahmad. Sasa Dilovar, mwana wa Bobonazar, alikuwa Urusi akijenga maghorofa ya watu, na sikukuu ya Navruzi, mwaka mpya wa machipuko, angerudi kuoa. Wakwe walishatamka kwamba binti yao halali sebuleni. Chumba, au hakuna arusi. Gulmahmad alikuwa mgane, tena ana binti huko mjini Khujand aliyempigia simu kila wiki kumwita kwenye nyumba yake yenye joto. Alichojibu siku zote ni kwamba nyumba ya baba yake atatoka akiwa amebebwa.

Basi Bobonazar akamtafutia pa kumbana. Gulmahmad alikuwa na ugonjwa wa miguu. Mchana huoni kitu. Akilala tu, kwa maneno yake mwenyewe, siafu wanaanza kutembea ndani ya mifupa, na lazima aitikise, airushe, ainuke. Miaka sita alizunguka uani usiku kama punda wa kinu, theluji magotini. Daktari alimpa vidonge, mulla akampa maji ya kuombewa, Savrigul akampaka mafuta ya mkia wa kondoo mpaka paka wa mtaa mzima wakawa wanamfuata barabarani. Wapi.

Juu ya miguu hiyo ndipo visigino viliposhuka.

Mchana ilikuwa matusi. Gulmahmad alimshtaki kaka yake kwenye nyumba ya chai, mbele ya wazee, kwamba ni fahali asiye na haya anayeponda mgonjwa usiku kucha. Wazee wakatema mate pembeni. Bobonazar akakana, akarudi nyumbani, akala mikate miwili na mafuta ili azidi uzito. Wiki ya tatu akaanza kulala na buti za jeshi za mwanawe. Asubuhi Gulmahmad akapandisha suruali, akaonyesha alama za soli kwenye miundi, akalaani mababu wa Bobonazar hadi wa saba, akasahau kuwa ni wake pia.

Savrigul alichoka. Akamwambia shemeji yake ahamie upande wa ukutani, visigino visikomfikia. Gulmahmad akamtazama kana kwamba ametukanwa.

"Shemeji, upande huu naulalia tangu nina meno ya utotoni. Nikimpisha kona leo, kesho atataka paa."

Akabaki. Hilo lilimkera Bobonazar kuliko yote. Mtu anapondwa usiku kucha, asubuhi anaomba chai ya pili, na bado haondoki.

Theluji ikaanza kulainika. Mshenga akaja, akakaa bila kuvua koti, akasema wakwe wanataka jibu Ijumaa. Alipotoka, Savrigul akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti.

"Baba Dilovar, umemponda mgonjwa mwezi mzima na chumba hujapata. Umebaki na dhambi tu. Ukimgusa tena, atakayekwenda Khujand ni mimi."

Bobonazar akaapa, mkono juu ya mkate. Usiku huo akavua buti, akakunja magoti mpaka kifuani kama mtoto.

Miguu ya ndugu yake, iliyotulia mwezi mzima, ikaanza saa ile ile. Ikaruka, ikapiga meza, vikombe vikacheza. Gulmahmad akakohoa, akangoja. Kisha akasema, kama anazungumza na dari, kwamba watu wengine wakizeeka hata nguvu za kuonea huwaishia. Akasema mama yao hakuficha kamwe kwamba Bobonazar alizaliwa na miguu ya kuku. Bobonazar akauma blanketi, akashika kiapo chake.

Usiku wa pili vikavunjika vikombe viwili. Usiku wa tatu, wa kuamkia Ijumaa, Gulmahmad alitoka uani, akazunguka, akarudi na barafu kwenye ndevu, akalala, akainuka, akalala tena. Bobonazar alimsikiliza na moyo wake ukaanza kuchangamka. Hakuna mwili unaostahimili haya, aliwaza. Kesho anakwenda kwa bintiye.

Karibu na alfajiri sauti ikatoka gizani.

"Kaka."

Neno hilo hakuwa amelisikia kwa miaka kumi na moja.

"Sema."

"Chumba cha mashariki mpe Dilovar. Asubuhi nitaandika, mbele ya wazee."

Bobonazar akaketi, miguu ikanyooka yenyewe. Akauliza, kwa upole aliodhani amekwisha kuusahau, kama amsaidie kubeba mizigo mpaka kwenye gari la Khujand.

"Khujand nikafanye nini? Kule wanalala vitandani, kila mtu na miguu yake."

Chini ya blanketi, miundi miwili mikavu ikapapasa, ikavipata visigino vya Bobonazar, ikajisukuma chini yake.

"Haya, kandamiza, shetani mkubwa wewe."