Mavuno ya Mwaka wa Jua

"Mwinjilisti, Sikukuu ya Mavuno mwaka huu tuiruke," alisema Mzee Zefania, mzee wa kanisa. "Watu wataleta nini madhabahuni? Vumbi?"

Tabea aliendelea kusugua sakafu. Tangu kasisi ahamishwe, yeye ndiye aliyehubiri, akazika, akagonga kengele. Mvua ilikuwa imekataa kunyesha mwaka mzima, na waumini walizidi kupungua.

"Hatuiruki, Mzee wangu. Asiye na mahindi alete jembe."

"Jembe si mavuno."

"Si mavuno. Lakini bila hilo, mvua ikija itatukuta tumekaa."

Jumapili waumini wakaja na majembe, mengine yamelika hadi kubaki kama mwiko, wakayalaza pale ambapo miaka mingine hulazwa ndizi na maboga. Tabea akayaombea moja moja.

Mwisho kabisa akaingia Zefania, hamtazami mtu. Jembe lake lilikuwa na mpini mpya. Tabea alipougusa, vidole vikanata. Ulikuwa mbichi, ungali unatoa utomvu.

"Miti yote imekauka; huo wenye utomvu uko wapi?" mtu akanong'ona nyuma, na kanisa zima likageuka kutazama nje.