Utepe Mwekundu Jikoni

Haya, tegua kitendawili hiki, mjukuu wangu: kila alikoingia alitoa visivyofaa, aliporudi kwake akakosa pa kukaa. Ni nani?

Umeshindwa? Ni Profesa, aliyestaafu juzi. Maisha yake yote alitafiti na kufundisha mabosi wa viwanda namna ya kuongoza kazi bila kupoteza kitu. Kwa kila chombo aliuliza, "Hiki kina kazi gani hapa?" Kikikosa jibu, alikifunga utepe mwekundu, kikatolewa.

Asubuhi moja baada ya kustaafu akafunga tepe vyombo vya mkewe jikoni: chujio, mbuzi ya nazi, hata sufuria ambayo mkewe aliachiwa na mamake.

Mkewe alikuwa akimenya viazi. Akafuta mikono, akachukua utepe mmoja, akamfunga mumewe kwenye kifundo cha mkono, akaukaza.

"Na huyu je, Profesa, ana kazi gani hapa?"

Profesa akacheka. Mkewe hakucheka. Alirudia viazi vyake, ganda likining'inia refu bila kukatika.

Utepe ulimbana. Akavuta kigoda, akaketi karibu na mkewe, akachukua kisu cha pili.

"Huyu bado hana," akasema. "Mfundishe."