Taji la Rakisi

"Siiuzi tena nyumba yako, Mama," alisema mwanawe mkubwa, akaanza kuchomoa ufunguo wake kwenye pete ya funguo.

Dulcie aliutazama ukucha wa kidole gumba ukihangaika na chuma. Tangu kipupwe wanawe wawili walikuwa wamemkalia kooni: fleti hii ya Scarborough iuzwe, yeye aende nyumba ya wazee. Leo padri amekuja, amekunywa chai, na mkubwa amelainika.

"Wewe mwalimu wa historia unalijua hili," padri alimwambia Dulcie kwa furaha. "Rakisi, mfalme wa Walombardi, aliuzingira mji wa Perugia. Papa Zakaria akamwendea bila upanga, akazungumza naye tu. Mfalme akaondoa jeshi. Baadaye akavua hata taji, akawa mtawa."

Mapadri hupenda kisa hiki kiishie hapo. Dulcie alikifundisha Dar miaka mingi. Rakisi alikuwa na mdogo wake, na huyo alilichukua taji, akaja na jeshi mpaka kwenye malango ya Roma.

Mwanawe wa pili alisimama dirishani. Chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

Ufunguo ukachomoka. Dulcie akakinga kiganja.

"Mimi nimejitoa, Mama. Sitaki ugomvi." Mkubwa akampita, akauweka ufunguo mkononi mwa mdogo wake. "Mengine mtamalizana wenyewe."

"Mungu ni mwema," alisema padri.

"Asante kwa kuja, Padri," mdogo alijibu, akamfungulia mlango.