Mikono ya Sabaha

Kijiko kilianguka gizani, kikalia juu ya sakafu.

"Nini hicho?" Rahimu aliuliza kutoka kitandani.

"Panya," alijibu Sabaha, mkewe.

Alipiga magoti, akapapasa huku na huku, hakukipata. Akakaa pale chini kusubiri kupambazuke. Mwanga ulipoingia alikiona, kando kabisa ya goti lake.

Leo wifi yake Hajra alikuwa anakuja kutoka Nachingwea na Shehe mgongoni. Leo ndiyo leo.

Shehe ni mwanawe wa kumzaa. Siku zile mikono ya Sabaha ilikuwa imelegea, kila akishikacho kinamponyoka, na asubuhi moja kilichomponyoka kilikuwa mtoto. Paji la uso likapasuka kwenye kizingiti. Hajra hakugombana na mtu. Alimfunga mtoto mgongoni, akasema, "Ukipona utamchukua," akaondoka naye.

Huko Dar madaktari walimpasua Sabaha shingo, wakatoa kisahani kimoja cha kati ya pingili za uti wa mgongo, kilichokuwa kimechakaa na kubana mishipa ya fahamu, wakaweka cha bandia. "Nguvu ndizo zitakazotangulia kurudi," daktari alimwambia. Na kweli zilirudi. Alivua kola ya shingo, akaanza kufagia, kuosha vyombo, kupepeta ufuta, yote mchana kweupe. Mbekenyera nzima ikampa hongera, naye akazipokea kama mtu anayepewa pole ya msiba.

Bodaboda ilifika alasiri.

"Usiondoke, kijana, nitarudi na wewe," Hajra alimwambia dereva. Akaja moja kwa moja kumwinua Sabaha kidevu. "Ebu nione. Ala! Ugonjwa nyuma, kisu mbele? Wamekufanya mbuzi wa Idi!"

"Ndivyo wanavyopasua, wifi. Mbele ndiko kwenye njia."

"Haya, ninyi mliofika Dar."

Shehe alimtazama mama yake kama anavyotazamwa mpita njia, kisha akaficha uso kwenye kanga ya Hajra. "Mama," alisema, na mama aliyeitwa ni Hajra. Sabaha aligeuka, akajifanya anachochea kuni.

Amna, binti yake mkubwa, alileta vikombe vya bati. Hajra akaipua chai iliyokuwa ikitokota, akamimina. Chake alikizungushia pindo la kanga, na bado akawa anakihamisha mkono huu kwenda huu, akipuliza vidole. Kingine akamsogezea Sabaha.

"Shika, nikuone."

Sabaha alikitazama kikombe. Akavitazama vidole vyake vikikizunguka, kimoja baada ya kingine, akakinyanyua kwa mikono miwili. Hakutetemeka. Hakumwaga hata tone. Akanywa taratibu, akakishikilia vilevile kiganjani, macho yake yasiondoke pale.

"Hee!" Hajra alipiga makofi. "Mwaka jana hapo tungekuwa tunafuta chai. Mikono imerudi, wifi!"

"Imerudi, wifi."

Hajra alifungua fundo la mbeleko polepole, kama mtu anayetafuta sababu ya kutolifungua. Alipotazama juu, macho yalikuwa yamejaa maji.

"Nilikuwa naomba uzima wako, na naogopa siku ya leo. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Haya, kazi yako hiyo."

Akamweka Shehe mapajani mwa mama yake, akainuka upesi asije akabadili nia, akaelekea kwenye pikipiki.

Mtoto alikunja uso kutaka kulia. Sabaha akachutama naye kando ya mafiga, akamkumbatia kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akauegemeza kwenye figa ili asiyumbe. Akamtolea ulimi. Akamfumbia jicho moja. Shehe alisita, akamkazia macho, kisha akacheka, meno yake machache yote nje. Paji la uso lilikuwa limepona, kumebaki alama ndogo kama punje ya mtama. Kwa mara ya kwanza siku ile, Sabaha alisahau kuitazama mikono yake.

Hajra alikuwa bado anajifunga kanga vizuri apande. Aligeuka kwa ajili ya kile kicheko, akatabasamu.

Amna aliacha kukusanya vikombe.

"Mama, mkono wako unaungua."