Vikaratasi vya Casilda

Tangu Casilda aanze masomo ya Kiingereza, nyumba ilijaa vikaratasi. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wake, wote wasemaji wa Kihispania, wabandike jina la Kiingereza juu ya kila kitu cha nyumbani. Mlango ukapata chake, sufuria ikapata chake, hata paka akawa anatembea na chake shingoni.

Mumewe, Eusebio, hakujua hata neno moja la lugha hiyo. Mtu mzima anajifunza kusema "meza" ili amwambie nani?

Siku hiyo Casilda alipokwenda sokoni, Eusebio alipita chumba hadi chumba akivikagua. Sanduku la safari juu ya kabati lilikuwa na kikaratasi, tena lilikuwa limefutwa vumbi. Kiti chake yeye, alichokikalia miaka yote ya ndoa, hakikuwa nacho.

Mkewe aliporudi alimkuta amesimama kando ya kiti.

"Casilda, hiki umekisahau?"

"Sijakisahau, bwana. Sijakifikia tu."

"Mbona sanduku umelifikia?"

"Lilikuwa na vumbi," akajibu, akaingia jikoni. Huko akaanza kunong'ona Kiingereza chake, akinyamaza kidogo, kisha akiendelea, kama anayejibizana na mtu.

Eusebio alichukua kikaratasi kitupu mezani, akakipaka gundi, akakibandika kifuani mwake. Kisha akaketi kitini, mikono magotini, akimsubiri aje na kalamu.